Denzel karudisha nyundo

Mimi sina starehe nyingi. Pombe sinywi, mpira nimeacha kuufuatilia kwa sababu za kiafya. Iliyobaki ni filamu za Denzel Washington. Naomba saa mbili tu za Jumamosi usiku, sebule iwe yangu, na hizo saa mbili sijawahi kuzipata zikiwa nzima.

Chukua Man on Fire, ile ya mwaka 2004 aliyoiongoza Tony Scott. Kwangu hiyo ndiyo baba lao. Nikafanya wema, nikamkaribisha jirani yangu Baba Asha. Baba Asha amesomea kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu, kwenye mabenchi, na anaijua katiba ya kule: steringi, yule mhusika mkuu, hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akajifunga kitambaa kwa meno, lakini kufa hafi.

Humo Denzel ni Creasy, mlevi aliyechoshwa na maisha, kapewa kazi ya kumlinda mtoto wa kike kule Mexico City. Mtoto anapenda kuogelea, ila mlio wa bastola ya kuanzishia mashindano unamshtua, anachelewa kuruka. Creasy anamfundisha polepole mpaka ule mlio unakuwa si kitu kwake. Hapo hajauawa mtu, na mimi nimeshaanza kujifuta macho. Baba Asha anauliza, "Sasa ngumi zinaanza saa ngapi?"

Zikaanza, akatulia. Kufika mwisho Denzel anajitoa yeye ili mtoto aachiwe, anafia kwenye gari la watekaji. Baba Asha akagoma kunyanyuka. "Huyo siyo steringi. Steringi mwenyewe anakuja, ngoja." Tukakaa tunasoma majina ya mafundi, madereva na wapishi, saa sita ya usiku, anamngoja steringi. Nilitaka nimwambie kwamba kwa Denzel kufa ni jambo la kawaida, kwenye Glory alikufa, kwenye Malcolm X alikufa, kwenye Training Day alikufa. Nikanyamaza. Alikuwa hajamaliza chai yangu, na habari kama ile angeiombea na ya pili.

Training Day yenyewe mke wangu, Mama Sele, haitaki ndani ya nyumba. Denzel humo ni Alonzo, askari wa kupambana na dawa za kulevya Los Angeles, mla rushwa na mwongo, anamzungusha kijana wa watu siku nzima, na kijana ndiyo kwanza anaanza kazi. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2002, mtu mweusi wa pili kuichukua baada ya Sidney Poitier. Mama Sele akasema, "Kumbe miaka yote hiyo akiwa mtu mwema walikuwa hawamwoni?" Nikamkumbusha kuwa Glory ilishampa ya mwigizaji msaidizi. Akanijibu kwamba msaidizi hata humu ndani yupo.

John Q hatuiweki tena. Baba wa watu, bima imekataa kumlipia mtoto wake moyo wa kupandikizwa, anaiteka hospitali kwa bastola isiyo na risasi. Mama Sele alilia, akapenga kamasi, kisha akaniuliza kadi za bima za watoto nimezifikisha wapi. Nikamwomba kwanza tuendelee kulia.

Lakini iliyoniharibia maisha ni The Equalizer ya 2014. Denzel ni McCall, mfanyakazi wa duka la vifaa vya ujenzi kule Boston. Jambazi anaingia, anachukua pesa, anachukua na pete ya dada wa kaunta, pete ya mama yake. McCall hasemi neno. Baadaye anatoa nyundo kwenye rafu. Kilichotokea huko nje hatuonyeshwi. Tunachokiona ni pete imerudi kwenye droo ya pesa, na McCall anaifuta nyundo kwa kitambaa, anaipachika pale pale alipoitoa.

Watu wanasifia ujasiri. Mimi nashangaa jambo moja: karudisha nyundo! Nyundo yangu iliazimwa kugongea msumari mmoja wa kutundikia kalenda. Kalenda ile ikaisha mwaka, wakatundika nyingine, msumari ule ule. Nikienda kuidai naulizwa, "Hivi ile ni ya kwako?" Na naulizwa hivyo ndani ya nyumba ambayo nyundo yangu inatumika kuzuia mlango usijifunge.

Halafu huyu McCall usiku hapati usingizi, kwa hiyo anakwenda mgahawani na majani yake mwenyewe ya chai, kifuko kimoja kimekunjwa ndani ya tishu. Anapewa maji ya moto, anafungua kitabu, anakaa. Hakuna anayemgusa. Nikajaribu kwa mama ntilie wa pale kituoni. Nikakunjua tishu yangu taratibu kabisa. Mama akanipandisha na kunishusha, kandambili hadi kipara. "Maji ya moto mia tano, benchi ni la wanaokula. Na hicho kitabu unauza?"

Kuna na ile ya saa. McCall anawapelekea wahuni wa Kirusi dola 9,800 wamwachie binti mmoja huru, wanamcheka. Anakwenda mlangoni, anaufunga, anawaangalia mmoja mmoja, anaiwasha saa ya mkononi na kujikadiria sekunde 16. Wote chini. Sekunde zikamzidi, na hilo tu ndilo lililomkera. Nami konda aliponidai nauli mara ya pili, nikatulia, nikamtazama, nikaangalia saa. Konda akasema, "Mzee kama una haraka shuka, chukua bodaboda."

Juzi Jumamosi nikasema leo naiona bila kuingiliwa. Watoto wamelala, simu nimeizima. McCall kafika mlangoni, kafunga, kageuka. Uniti za luku zikaisha. Giza. Nikabaki nimeshika rimoti, natafuta ule utulivu wa Denzel, nikamsikia Mama Sele kutoka chumbani:

"Baba Sele, haya, washa hiyo saa yako, tuone umeme unanunua kwa sekunde ngapi."