Mashairi ya Kiingereza tunayasoma kwa macho, ndo maana hayatuingii

Kuna kitu kinanikera kwenye namna tunavyofundishwa mashairi ya Kiingereza shuleni, yaani unapewa shairi, hujalisoma kwa sauti hata mara moja, tayari swali linakwambia taja tamathali nne za semi na mifano yake, basi darasa zima linaanza msako: hapa kuna "like", tashbiha hiyo, hapa kitu kisicho na uhai kimepewa hasira, tashihisi hiyo, chukua maksi zako twende swali la pili. Mtu anamaliza fom foo na A yake na hajawahi kulisikia shairi hata moja.

Tuanze na mizani maana hapo ndo wengi tunapotea. Sisi tumezoea kuhesabu silabi, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) nane, utao (nusu ya pili) nane, jumla 16, ukizidisha moja wazee wanakwambia shairi lako guni. Na mkazo hatuuhesabu kwa sababu hautusumbui, karibu kila neno uko silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia hapo hapo. Kiingereza sasa mkazo unahamahama, neno hili unagonga mwanzo, lile unagonga mwisho, na washairi wao wakajenga mapigo juu ya huko kuhamahama. Ukihesabu silabi peke yake utapata idadi tu, mdundo utakupita.

Chukua soneti (shairi la mistari 14) ya 130 ya Shakespeare, kati ya zile 154 zilizochapishwa 1609. Mstari wa kwanza: "My mistress' eyes are nothing like the sun". Silabi kumi, sawa, ila sasa usome huku unagonga meza: my MIS, tress' EYES, are NOTH, ing LIKE, the SUN. Nyepesi nzito, nyepesi nzito, mara tano. Hiyo ndo pentamita ya iambi wanayoiogopa watu, hamna uchawi wowote. Halafu mstari wa pili anakuvuruga makusudi: "Coral is far more red than her lips' red". Umeshazoea kuanza na nyepesi, yeye anaanza na nzito, CO-ral, na mwishoni lips na red zote zinataka kugongwa, ulimi unajikwaa kidogo. Mdundo ulikuwa unateleza vizuri kama wa mapenzi ya kawaida, ghafla umekwaruza, na ni hapo hapo anapokataa kumsifia huyo mwanamke midomo.

Na hapa ndo msako wa tamathali unapoaibika. Mwanafunzi akiona "like" anaandika tashbiha, macho yanafananishwa na jua. Hapana bana, soma tena, kasema HAYAFANANI na jua! Tangu enzi za mshairi Petrarch kule Italia washairi wa Ulaya walikuwa wanarudia sifa zile zile, macho jua, midomo marijani, ngozi theluji, Shakespeare anazipanga zote moja moja na kuzikataa, eti nywele kama ni nyaya basi huyu wangu kaota nyaya nyeusi kichwani. Kisha kwenye mistari miwili ya mwisho anaapa kwamba mpenzi wake ni adimu sawa na yeyote aliyesifiwa kwa mifano ya uongo. Sasa ukiweka lebo ya tashbiha ukaenda zako umeacha utani wote mezani, na ndo uliokuwa shairi lenyewe.

Vina navyo vina mtego. Kwetu kina ni silabi nzima, taka na paka vinaoana, taka na tala hapana. Wao wanataka konsonanti ya mbele iwe tofauti halafu vokali na kinachofuata vifanane, sun na dun, red na head, zote zimo humo humo kwenye hiyo soneti. Na red na head angalia tahajia zilivyo mbali, sikio linakubali tu, wakati love na move ukiziangalia ni ndugu, ukizitamka kila mtu na kwao. Ndo maana nasema macho hayasaidii.

Mwalimu Nyerere naona alilijua hili tatizo vizuri, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963 aliachana na vina akafuata mtindo wa Shakespeare mwenyewe usio na vina, ila mkazo wetu ule wa silabi ya pili kutoka mwisho unafanya mstari wa Kiswahili karibu kila mara umalizikie kwenye silabi nyepesi, wakati wa Kiingereza unapenda kumalizia na pigo. Kazi ngumu aisee.

Kuna watu watasema haya mambo ya mapigo yamepitwa na wakati, mshairi wa Marekani Whitman aliyatupa tangu 1855. Sawa, lakini msome Whitman kwa sauti uone anavyorudia mianzo ya mistari, sikio bado lina kazi.

Kwa sauti tupu mi sijaona anayemzidi Wilfred Owen, askari Mwingereza aliyeuawa Novemba 4, 1918, wiki moja kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaisha. Kwenye shairi lake la vijana wanaokufa anauliza ni kengele gani za msiba zitawalilia hawa wanaokufa kama ng'ombe, halafu anajibu: "Only the monstrous anger of the guns. / Only the stuttering rifles' rapid rattle". Huo mstari wa pili usome na r yetu ya Kiswahili, ile inayotetemeka, sijui kama Owen aliisikia hivyo lakini naona inatoka vizuri kuliko ya Waingereza wenyewe, r na t zinapishana mpaka mdomo unageuka bunduki. Makingi skimu itakwambia hasira ya mizinga ni tashihisi, na ni kweli. Mi ningeuliza kwa nini kaweka "Only" mwanzoni mara mbili. Mstari wa kengele ulianza na silabi nyepesi, kwa utaratibu kama mazishi ya kanisani, majibu yote mawili yanaanza na nzito, ON-ly, ON-ly, na kengele imeshafunikwa na mizinga.