Damu Ikionyesha Kromosomu Salama, Ngozi Nayo Ipimwe?

Mtoto amechelewa kukaa, misuli imelegea, nywele za kwenye mapaji ni haba, ngozi ina michirizi iliyopauka. Anatolewa damu, na majibu yanarudi: kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi) ni 46 kama inavyotakiwa, hakuna kasoro. Kwa mtoto mwenye dalili hizi, naona ni mapema mno kufunga faili.

Zipo kasoro za mozaiki, yaani baadhi ya seli za mwili zinayo kasoro na nyingine hazina. Mfano ulio wazi ni sindromu ya Pallister-Killian, ambamo seli zilizoathirika hubeba kromosomu ya ziada iliyoundwa na mikono mifupi miwili (yaani vipande vya upande mfupi) ya kromosomu namba 12. Katika damu seli hizo hupungua mtoto anavyokua, mara nyingi zisionekane kabisa. Kwenye ngozi hubaki. Hata hesabu yenyewe ina mipaka: ukikagua seli 30 usione kasoro, unaweza tu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba seli zenye kasoro hazifiki asilimia 10. Tena ni ndani ya damu hiyo tu.

Wanaosita kupima ngozi wana hoja nzito. Mtoto anachomwa ganzi na kukatwa kipande cha ngozi, seli zinaoteshwa kwa wiki kadhaa, gharama inaongezeka, na mwisho wake hakuna dawa ya kuondoa kasoro. Linalonitia wasiwasi zaidi ni ile asilimia ya seli zenye kasoro inayoandikwa kwenye majibu. Seli 30 zenye kasoro kati ya 100 za ngozi haziwezi kueleza hali ya ubongo, lakini mzazi akishaisikia namba hiyo ataichukua kama utabiri wa maisha ya mwanawe.

Hata hivyo, jina la ugonjwa lina kazi. Daktari anajua akague moyo na masikio, awe macho na degedege. Na kwa kuwa Pallister-Killian kwa kawaida hairithiwi, mama aliyelaumiwa na ukoo anapata jibu la kuwapa.

Sisemi kila mtoto aliyechelewa kutembea akatwe ngozi. Dalili zikielekeza huko, seli za ndani ya shavu zipanguswe kwanza, maana hazihitaji kisu. Ngozi ifuate shavu lisipotoa jibu. Na kila ripoti iandike ni sehemu gani ya mwili iliyopimwa na seli ngapi zilizohesabiwa, badala ya kumkabidhi mzazi neno “kawaida” peke yake.