Kisingizio cha Mtani

Mchezo wangu wa kwanza wa kuvaa uhusika ulikuwa na wahusika 16, na kila mhusika nilimwandikia kurasa sita. Nilizichapa usiku kazini, ghalani, kwa wino wa tajiri, nikazitia kwenye bahasha za kaki kama mitihani ya taifa. Mmoja nilimpenda kuliko wote: mvuvi mzee aliyepoteza mashua, mke na jicho la kushoto, kwa mpangilio huo. Aliyepewa mvuvi alikuwa dada mmoja mpole wa Kinorwei. Akazisoma zile kurasa mara mbili, akafunga kitambaa jichoni, akaingia ukumbini, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Akakaa hapo saa tatu.

Mchezo ulipoisha tukakaa duara, kama ilivyo desturi, kila mmoja aseme yaliyompata. Zamu yake ilipofika alisema, "Nilijua kila kitu kuhusu yule mzee. Sikujua tu niende kwa nani."

Nimeandika michezo minane tangu hapo, na kila nikikaa kuandika naona kile kiti cha dirishani.

Kwa asiyejua ninachozungumzia: ni mchezo wa kuvaa uhusika, ila hauna jukwaa, hauna kamera, wala hauna watazamaji. Mnakutana watu kumi, ishirini, pengine mamia. Kila mmoja amepewa mtu wa kuwa, na kwa saa tatu au siku tatu mnaishi kama watu hao. Hakuna maneno ya kukariri. Mwandishi anatunga watu, undugu wao, ugomvi wao na mahali pa kuanzia, kisha anakaa jikoni na kuomba Mungu. Huku Norwei wanauita laiv. Wamarekani walikuwa wakipigana msituni kwa panga zilizovishwa sponji tangu miaka ya 1970, na mwaka 1982 Waingereza walianza kucheza usaka hazina ndani ya kasri la Peckforton, kule Cheshire. Watu wa nchi hizi za Kaskazini nao walicheza mazimwi na mashujaa, bado wanacheza, lakini wao pia ndio waliouingiza mchezo jikoni, wodini na kwenye vikao vya familia, mahali ambapo hapana zimwi la kuua na maumivu yako pale pale.

Tena wana nadharia, hawa watu. Tangu 1997, mkutano ulipofanyika Oslo kwa mara ya kwanza, wanakutana kila mwaka kwa zamu: Norwei, Uswidi, Denmark, Finland. Jina la mkutano linabadilika kwa lugha ya mwenyeji, ila maana ni ile ile, fundo, pale nyuzi zinapokutana. Mwaka 1999 Wanorwei wawili, Eirik Fatland na Lars Wingård, walitoa ilani yao ya masharti kumi wakifuata mfano wa watengeneza filamu wa Denmark. Kuna masharti humo ningeyabandika ukutani: pasiwe na kisa kikuu kimoja, pasiwe na mhusika ambaye kazi yake ni kuwasindikiza wenzake tu, na mwandishi asitegemee mambo aliyoyarundika kwenye historia ya mhusika ndiyo yalete mchezo. Hilo la mwisho ningelisoma mapema ningeokoa wino wa tajiri. Lingine linakataza kitu kimoja kusimama badala ya kingine, na hapo tunaachana njia. Sisi tuliopika ugali wa mchanga kwenye kifuu na kuula kwa mboga ya majani ya mkunazi hatuwezi kukubali sharti hilo.

Neno lao lililonikamata kuliko yote ni alibi. Kwa Kiswahili nimelipa jina la kisingizio. Wanasema mtu akishavaa uhusika anapata kisingizio: anaweza kulia, kufoka, kumwambia mtu anampenda, na kesho yake asidaiwe, kwa kuwa aliyesema si yeye. Mara ya kwanza nasikia mhadhara wa kisingizio, watu wakiandika kwenye madaftari, nilikaa nikitabasamu peke yangu. Nilikuwa nimeshamwona mtu mwenye kisingizio nikiwa na miaka 11.

Babu yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Siku ya kumzika, wanawake wako ndani wanalia, wanaume wako chini ya mwembe wanazungumza kwa sauti za kuvuta, akatokea jirani yetu Mnyamwezi. Amevaa kanzu ya babu. Kofia ya babu. Fimbo ya babu mkononi, na mguu wa kulia anauburuta vile vile babu alivyouburuta tangu alipoanguka kwenye mnazi. Akasimama mlangoni, akakohoa kile kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu, akafoka, "Chai yangu iko wapi? Au kwa kuwa nimekufa ndiyo mmeninyima?"

Bibi alikuwa hajatamka neno tangu usiku. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kutoka kwenye kile kicheko akaingia kwenye kilio, na safari hii kilikuwa kilio chenyewe. Yule mtani hakuishia hapo. Alitoka nje, akakalia majembe, akasema kaburi halichimbwi bila yeye kulipwa. Wakamchangia, wakimtukana na yeye akiwatukana, akahesabu noti moja moja mbele yao kabla ya kuinuka.

Angekuwa mtu mwingine yeyote angepigwa. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa uhusiano ambao wazee wanauhusisha na enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa marehemu hana. Huku nimeulizwa mara kadhaa kama si dhambi kucheza na kifo. Kuna mchezo maarufu wa Wanorwei, ulichezwa mara ya kwanza 2011, unaohusu marafiki wa New York kati ya 1982 na 1984, UKIMWI unapoingia. Baina ya sehemu moja na nyingine bahati nasibu huamua nani afe, na waliobaki humzika. Watu waliucheza wakatoka wamevimba macho, na wengine wakauliza kama ni halali. Swali hilo angeulizwa yule mtani, nadhani angedai kwanza alipwe ndipo ajibu.

Sasa tazama alichopewa mtani ili aweze kazi ile. Hakupewa kurasa sita. Alipewa kanzu, kikohozi, na kundi la watu wa kwenda kuwadai chai. Hivyo tu. Vitu vitatu, na kimoja kati ya hivyo ni mahali pa kwenda.

Miaka mitatu iliyopita nikaandika mchezo kuhusu kikao cha familia baada ya arobaini ya marehemu. Wahusika 14, saa tatu, nyumba moja Temeke ambayo wote wanaitaka: wajane wawili, watoto wa matumbo mawili, baba mdogo, mpangaji wa chumba cha uani, na mtani. Nilijua nimepatia. Kikao cha mirathi! Nani ashindwe kugombana?

Wanorwei walishindwa. Kijana aliyecheza mtoto wa tatu alitoa kalamu, akaomba kila mmoja aseme maoni yake kwa dakika moja, akaandika orodha, wakapiga kura. Nyumba iuzwe, fedha zigawanywe sawa, mpangaji apewe miezi mitatu ya kuhama. Walimaliza kwa dakika 25 na kushukuriana. Mimi niko jikoni na maandazi ya sehemu ya pili bado yamo kwenye mafuta.

Nilichukia, kisha nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimewaandika watu wanaotaka kitu kimoja, nyumba, na kitu kimoja hugawanyika kwa kalamu. Nikaandika upya. Nyumba nikaiacha pale pale, lakini kila mhusika nikampa haja ambayo ni mtu mmoja tu mle ndani anayeweza kuitimiza, na ambayo haipigiwi kura. Mjane mdogo anataka mjane mkubwa amwite "mke mwenzangu", mara moja tu, mbele ya watu. Mpangaji ndiye aliyembeba marehemu hadi hospitali usiku ule, na anataka mtoto wa kwanza aseme kwamba anajua. Baba mdogo anataka asamehewe deni ambalo hakuna anayekumbuka isipokuwa binti mmoja. Mistari mitatu kwa kila mtu: wewe ni nani, unahitaji nini, kwa nani. Bahasha zikawa nyembamba hadi mchezaji mmoja akageuza karatasi kutafuta upande wa pili.

Nikaongeza pia dakika 20 za kufundishana kusalimiana kabla ya kuanza. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za huko mtokako. Kijana mmoja aligoma: kwa nini amwamkie mtu kwa sababu ya umri tu? Nikamwambia asiamkie, aone. Mchezo ulipoanza alipita ukumbi mzima bila kuamkia mtu, na vikombe vya chai vikampita yeye. Baada ya nusu saa nikamsikia, kwa lafudhi yake, "Shikamoo mama," na mjane mkubwa akachukua muda wake kabla ya kuitikia marahaba.

Mjane huyo huyo alilishikilia lile neno saa mbili na nusu. Mwenzake alimpikia, alimtetea kwa baba mdogo, alimfungia kanga iliyolegea, na wapi. Alilitamka mlangoni, watu wameshaanza kuaga, bila kumtazama: "Mke mwenzangu, usisahau sufuria lako." Hapo mpangaji naye akaanza kulia, na yeye halikuwa linamhusu.

Na mtani? Uhusika ule nilimpa yule dada wa dirishani. Alikuwa amerudi, sijui kwa moyo gani. Mistari mitatu: wewe ni mtani wa marehemu, unahitaji chai yake, mdai kila mtu. Nikampa kanzu na nikamwonyesha kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu. Huyu ni mtu ambaye kwenye basi husimama vituo viwili zaidi kuliko kumwomba jirani ampishe. Aliingia mle ndani akiburuta mguu, akagonga fimbo sakafuni, akamfokea mjane mkubwa, akalala chali juu ya mkeka, akasema hatoki bila malipo. Akalipwa kroner 40 za kweli, na hakuzirudisha.

Watu hupenda kuniuliza kama michezo hii imenifundisha kuwaelewa wengine. Labda. Mimi ilinionyesha mtu mmoja ambaye sikumtegemea. Usiku fulani, katika kuandika bahasha, kwa utani tu nikaandika moja ya kwangu:

Jina: Mjomba wa Ulaya. Umri: hazeeki. Lengo: kutuma. Siri: hana.

Nilicheka, kisha nikaisoma tena kwa jicho la kazi. Huyu mhusika nimemvaa miaka 14. Ana maneno yake ("nitaangalia mwisho wa mwezi"), ana vazi lake, lile koti ninalovaa nikipiga simu ya video hata kama ndani kuna joto. Wote wana haja naye. Yeye, kwenye karatasi, hana haja na mtu yeyote. Ndiyo maana simu zangu nyumbani huisha kwa dakika sita: salamu, kiasi, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nimekaa dirishani na kitambaa jichoni, na aliyeniandika hivyo kwa sehemu kubwa ni mimi mwenyewe. Nilipopewa uhusika wa mwenye nacho niliupokea kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata nikampigia dada yangu mkubwa. Nikamwamkia, nikamwambia, "Dada, nina shida."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini, "Wamekufukuza?"

"Hapana. Nataka unikumbushe alichosema yule mtani siku ya kumzika babu. Mimi nakumbuka chai na majembe tu. Kuna mengine aliyasema pale uani, yakawachekesha watu, yamenipotea."

"Wewe," akasema dada, "umepiga simu kutoka Ulaya kwa ajili ya upuuzi wa Mnyamwezi?" Lakini akaanza kukumbuka. Tukaongea saa moja na robo. Alinibishia kuhusu mguu, eti ulikuwa wa kushoto. Aliniambia mambo ya bibi ambayo hajawahi kuniambia, kwa kuwa sijawahi kumuuliza. Ada ya mpwa wangu bado naituma, msije mkadhani uhusika huvuliwa kwa simu moja, ila sasa na mimi nina ninachodai huko, na dada hunitumia sauti usiku usiku: limenijia lingine, sikiliza.

Mwezi uliopita akafanya zaidi. Yule mzee bado yuko hai, amehamia kwa mwanawe, na dada akaenda huko kumsalimia akiwa na simu mkononi. Nilisikia dada akimwambia, mjukuu wa fulani huyu, yuko Ulaya, anataka kukusalimu. Nikaanza, "Shikamoo mzee wangu."

Hakuitikia. Upande wa pili nikasikia kiti kikilia, mtu akijiweka sawa, kisha kikohozi. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

"Miaka yote hiyo," ikasema sauti ya babu, "na chai bado haijaja."