Wakala wa Madeni Anapokula Fedha za Aliyemtuma

Kuna aina ya wizi ambayo aliyeibiwa huwa wa mwisho kuitambua, kwa sababu hufanyika mahali ambapo yeye mwenyewe alishakata tamaa. Mfanyabiashara anayewadai wateja ishirini, ambao kila mmoja amempiga danadana kwa miezi kadhaa, huukabidhi mzigo huo kwa kampuni ya kukusanya madeni huku moyoni akiwa ameshaamini kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo imepotea. Wakala akirudi baada ya nusu mwaka na kueleza kwamba wawili tu ndio waliolipa, na wengine ama wamehama au wamefilisika, mfanyabiashara hashangai. Hushukuru kwa kidogo alichopata. Hajui kwamba wengine saba nao wamelipa, baadhi yao hadi senti ya mwisho, na stakabadhi wanazo.

Kwa maoni yangu, wakala wa namna hiyo hahitaji ujanja mkubwa. Anachotegemea ni ukimya uliopo kati ya anayedai na anayedaiwa: mdai amechoka kuomba haki yake, mdaiwa anaona haya kukutana na mdai, na wote wawili wanapata nafuu kwamba sasa yupo mtu wa tatu wa kubeba maneno. Mtu huyo akishakuwa njia pekee ya mawasiliano, anaweza kuuambia kila upande analotaka. Ndiyo maana naona kwamba wafanyabiashara wengi hukosea pale wanapoanza na wakala mwenyewe, kwa kumpigia simu kwa hasira na kumtajia mahakama, kabla hawajazungumza na wateja wao. Wakala akishajua kwamba anashukiwa, hupata muda wa kutengeneza ripoti, kuhamisha fedha na kuwapigia wadaiwa akiwaomba wasijibu maswali ya mtu yeyote.

Niliwahi kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo, na mara ya kwanza nilipokutana na jambo hili lilifichuka kwa bahati tu. Mteja ambaye ripoti ya wakala ilisema kwamba hapatikani alirudi mwenyewe kununua bidhaa kwa fedha taslimu, akapokewa kwa ubaridi, akauliza kulikoni, na alipoelezwa akatoa simu yake na kuonyesha malipo ya awamu nne alizokuwa amekwisha kumaliza. Sijasahau jinsi mwenye biashara alivyobaki akiitazama ile simu. Kilichomuuma zaidi ya fedha ni kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa amemsema vibaya mtu aliyekuwa amemlipa.

Tangu hapo nimekuwa nikishauri kwamba hatua ya kwanza iwe barua kwa kila mdaiwa ambaye faili lake liko kwa wakala, na barua hiyo isiwe ya kudai. Iandikwe kwa heshima, itaje kiasi ambacho daftari linaonyesha, imwombe mteja akikubali au akikanushe, na kama amelipa chochote kupitia wakala, aeleze alilipa lini, kiasi gani na kwa njia gani, akiambatisha nakala ya stakabadhi au ujumbe wa malipo. Wakaguzi wa hesabu wamekuwa wakitumia njia hii kwa miaka mingi, na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 505 kinahusu jambo hilohilo, yaani kupata uthibitisho kutoka kwa mtu wa nje badala ya kutegemea neno la anayekaguliwa. Kutoka kwao tuchukue pia kanuni moja ambayo watu huipuuza: jibu lazima lije moja kwa moja kwa aliyeuliza. Barua ikipitia mikononi mwa wakala, au ikiwa na anwani yake ya kurejeshea majibu, haina maana yoyote.

Hapa ndipo wengine hugundua kwamba hawawezi kuiandika barua hiyo kwa sababu hawajui wanadai kiasi gani hasa. Ankara zilikabidhiwa kwa wakala bila nakala kubaki, hati za kupokelea mzigo zenye sahihi ya mteja zilikwenda pamoja nazo, na makubaliano ya mdomo kuhusu punguzo hayakuandikwa popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo usemi huo unafaa zaidi ya hapa. Anayejikuta katika hali hiyo aanze kwa kuunda upya orodha ya madeni kutoka kwenye taarifa za benki, vitabu vya mauzo na ujumbe wa simu, hata kama itamchukua wiki mbili.

Majibu yakianza kurudi, huja na mambo ya aina nyingi. Yupo aliyelipa kila kitu. Yupo aliyeambiwa alipe nusu ili deni lifutwe, akalipa nusu hiyo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Yupo aliyeongezewa gharama za ufuatiliaji ambazo hazikuwamo katika mkataba wowote, na malipo yake yote ya mwanzo yakahesabiwa kuwa ni ya gharama hizo, hivyo deni lenyewe likabaki palepale. Yupo aliyepelekewa karatasi iliyofanana na hati ya mahakama ilhali hakuna kesi iliyofunguliwa. Na wapo wasiojibu kabisa, ambao ukimya wao hauthibitishi lolote, pamoja na wachache wanaodai kwamba walilipa bila kuwa na ushahidi, ambao wasiaminiwe wala wasitukanwe mpaka hesabu za wakala zipatikane.

Kuhusu waliolipa na wanaweza kuonyesha kwamba walilipa, msimamo wangu ni mkali, na najua hauwapendezi baadhi ya wafanyabiashara. Usiwadai tena. Katika sheria ya uwakala, malipo yaliyofanywa kwa wakala aliyepewa mamlaka ya kupokea huhesabiwa kuwa yamefanywa kwa aliyemtuma, kwa hiyo deni la mteja huyo limekwisha siku ile alipolipa, na kilichobaki ni deni kati yako na wakala wako. Mwenye biashara aliyeniambia kwamba fedha hazijamfikia, basi mteja bado anadaiwa, alikuwa akijaribu kumwibia mtu wa pili ili afidie wizi aliofanyiwa yeye. Mpe mteja huyo stakabadhi yako mwenyewe, rekebisha daftari, na kama alitishwa au kuaibishwa kwa jina lako, mwombe radhi. Suala la aliyeambiwa alipe nusu ni gumu zaidi, kwa kuwa linategemea kama wakala alikuwa na mamlaka ya kusamehe sehemu ya deni, au kama mkataba na mwenendo wako vilimfanya mteja aamini hivyo. Kwa deni kubwa, muulize wakili. Kwa deni dogo, mimi ningelisamehe na kubaki na mteja.

Baada ya kuwa na majibu hayo, na si kabla, ndipo wakala aandikiwe. Barua yake iwe fupi: alete katika muda uliotajwa, tuseme siku 14, orodha kamili ya malipo yote aliyopokea kwa niaba yako, tarehe zake, kamisheni aliyokata na mahali fedha zilizobaki zilipo. Wakala ana wajibu wa kutoa hesabu kwa aliyemtuma hata kama mkataba haukutaja neno hilo. Usimwonyeshe unachokijua tayari. Orodha atakayoileta ikikosa malipo ambayo wewe una stakabadhi zake, utakuwa umepata kwa maandishi yake mwenyewe kitu ambacho ungehangaika kukithibitisha kwa njia nyingine.

Kisha kuna suala la kumwondolea mamlaka, ambalo hufanywa nusu nusu karibu kila mara. Mfanyabiashara humwandikia wakala kwamba mkataba umevunjwa, akadhani kazi imekwisha. Lakini mteja ambaye hakuarifiwa, na ambaye bado anaamini kwamba wakala ni mjumbe wako halali, anaweza kuendelea kumlipa, na kwa kawaida sheria itamlinda mteja huyo kwa sababu wewe ndiye uliyemtambulisha wakala kwake. Taarifa ya kusitisha uwakala inapaswa kuwafikia wadaiwa wote siku ileile inapomfikia wakala, ikiwa na akaunti mpya ya kulipia, na iwe kwa njia inayoacha ushahidi kwamba ilipokelewa.

Vilevile nyaraka za asili zidaiwe bila kuchelewa, kwa sababu muda unakwenda. Kenya na Tanzania, kama katika nchi nyingine nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, madai yatokanayo na mkataba kwa kawaida hayapokelewi mahakamani baada ya miaka 6, ingawa malipo ya sehemu ya deni au kulikiri kwa maandishi kunaweza kuanzisha hesabu ya muda upya. Wakala anayekalia faili kwa miaka 3 akisema kwamba anafuatilia anakula muda huo pamoja na fedha.

Wengi huuliza kama waende polisi au mahakamani. Kula fedha ulizopokea kwa niaba ya mtu mwingine si ugomvi wa biashara tu. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zote mbili zinatambua kosa la wizi unaofanywa na wakala. Lakini shauri la jinai hulenga adhabu, na anayetaka fedha zake zirudi kwa kawaida atahitaji pia madai ya kawaida. Wakala akijitolea kulipa kidogo kidogo, makubaliano hayo yaandikwe, na kipengele kinachokutaka ufiche kosa la jinai kikataliwe, kwa kuwa katika nchi nyingi kupokea malipo ili usiripoti kosa kunaweza kuwa kosa pia.

Jambo ambalo limenishangaza katika sheria ni upande zinaoutazama. Marekani ilipotunga mwaka 1977 sheria ya shirikisho dhidi ya ukusanyaji madeni usio wa haki, iliwalinda watu wanaodaiwa kwa mahitaji yao binafsi na ya familia. Madeni ya biashara hayamo. Mwelekeo huo unaeleweka, kwani mdaiwa ndiye mnyonge machoni pa kila mtu, na mimi mwenyewe nisingependa ulinzi wake upunguzwe. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mfanyabiashara mdogo aliyeibiwa na wakala wake anajikuta akitegemea mkataba ambao mara nyingi uliandikwa na wakala huyohuyo.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba nguvu kubwa zaidi aliyonayo ni wafanyabiashara wenzake. Wakala mmoja huhudumia wengi katika eneo moja, na kila mmoja wao, akiona aibu, hudhani kwamba ni yeye tu mwenye wateja wabaya. Siku wakikaa pamoja na kulinganisha ripoti zao, sentensi zilezile kuhusu wadaiwa waliohama hujitokeza katika kila ripoti, na pengine mdaiwa aliyefilisika katika ripoti ya mmoja anaonekana akilipa vizuri katika ripoti ya mwingine. Malalamiko ya biashara kumi yenye viambatisho hayawekwi kando kirahisi na mamlaka ya leseni. Tahadhari yangu ni moja: katika vikao hivyo na nje yake, semeni tu mnachoweza kukionyesha kwa karatasi, maana wakala mwizi anayeweza kushinda kesi ya kuchafuliwa jina atafurahi kuwa na mahali pa kupata fedha nyingine.

Atakayeamua kumtumia wakala mwingine, na simlaumu, aweke sharti moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote kwa pamoja: mdaiwa alipe kwenye akaunti ya mdai, na wakala asiguse fedha kabisa. Mawakala hulipinga kwa hoja kwamba mdai atapokea fedha na kuwanyima kamisheni yao, na hoja hiyo haina ubaya, lakini hujibiwa kwa taarifa ya kila mwezi ya malipo yaliyoingia, ambayo wakala atailetea ankara yake ya kamisheni. Pale ambapo hilo haliwezekani, fedha zikae katika akaunti tofauti ya amana, asisamehe hata sehemu ndogo ya deni bila ruhusa ya maandishi, na asilipwe ada yoyote ya kufungulia faili kabla hajakusanya kitu. Mkataba utamke pia kwamba deni halijahamishiwa kwake, kwa kuwa kipengele cha kuhamisha deni, kikifichwa katika ukurasa wa mwisho, humfanya wakala kuwa mwenye deni na wewe kuwa mtu wa kuomba. Nimewaona waliokisaini bila kukisoma, na mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa uhasibu.