Sumaku na kidonge kwa mgonjwa mmoja

Jirani yangu hapa Buruburu huweka dawa zake za sonona kwenye kopo la zamani la majani chai. Mwezi uliopita aliniita jikoni, akamimina vidonge vichache kiganjani. "Sasa dada, nikichanga pesa nipate ile mashine ya sumaku, hivi si naviacha?"

Wanaomjibu "viache" wana hoja. Mwaka 2008 Marekani iliporuhusu mashine hiyo, inayougonga ubongo kwa sumaku kutoka nje ya kichwa, itumike kutibu sonona, jaribio kubwa lililotangulia, la wagonjwa 301, lilifanywa kwa watu wasiotumia dawa za sonona. Sumaku ilisimama peke yake. Tena haimnenepeshi mtu wala haimpunguzii hamu ya tendo la ndoa, mambo yanayowafanya wengi watupe vidonge kimyakimya. Hatari yake kubwa ni degedege, nayo humpata mgonjwa chini ya mmoja kati ya 1,000, ingawa ziko dawa za sonona, kama bupropioni, zinazoweza kuiongeza.

Ila tazama jaribio lilelile kwa karibu. Baada ya wiki sita, waliopungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi walikuwa takriban robo. Waliowekewa mashine isiyopiga chochote nao walipata nafuu hiyo, kama mmoja kati ya wanane. Sumaku ilishinda, ndiyo, lakini robo tatu ya waliotibiwa hawakufika hapo. Ukimwambia mtu aviache vidonge vyake kwa tumaini la namna hiyo, umempa ahadi kubwa kuliko ushahidi.

Hapa ndipo wanaotaka viwili hivi viende pamoja hawaeleweki. Wanadhaniwa wanamlundikia mgonjwa matibabu, kumbe wanaangalia kinachotokea ndani ya ubongo. Koili, kile kipande cha mashine kinachotoa sumaku, huwekwa juu ya paji la uso upande wa kushoto, inagonga ta-ta-ta, na kila pigo linaziamsha seli zilizo chini yake. Mapigo yakirudiwa siku baada ya siku, mawasiliano kati ya seli hizo huimarika. Udongo upate ungali maji, na kuna dawa inayoweza kuuweka udongo huo, yaani ubongo, katika hali ya maji.

Mwaka 2022 watafiti wa Calgary, Kanada, walichukua wagonjwa 50. Wote walipigwa sumaku, nusu wakapewa dawa hiyo, iitwayo sikloserini, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata nafuu kwa sumaku na sikloserini walikuwa asilimia 73.9, kwa sumaku na kidonge kitupu, asilimia 29.3. Sikloserini hiyo ni ileile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Siachi kuifikiria tofauti hiyo, kwa sababu mashine ilikuwa moja na vikao vilikuwa sawa. Kilichobadilika ni kidonge.

Watu 50 ni wachache, nakubali. Na yeyote aliyemuuguza mtu wa kifua kikuu sugu anajua sikloserini inavyoweza kuvuruga akili. Dozi ya Calgary ilikuwa miligramu 100 tu, ndogo sana kuliko ya kifua kikuu. Asiende mtu kuitafuta dukani.

Kuna pia jambo la njia. Vikao ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 414, ulionyesha kuwa kikao cha dakika tatu hakizidiwi na kile cha dakika 37, lakini dakika tatu hizo hazipunguzi foleni ya Jogoo Road. Mtu wa sonona, ambaye kuoga tu ni kazi, apande matatu mbili kila asubuhi kwa mwezi mzima? Siku atakayoshindwa kutoka kitandani, kidonge kitakuwa kimeshalala naye nyumbani. Na vikao vikiisha, bado ataihitaji kinga ya miezi inayofuata.

Ndiyo maana nilimuuliza jirani yangu kila anachomeza. Akanitajia nusu ya diazepamu, ya usingizi, aliyopewa na shoga yake. Sikupenda. Katika tafiti kadhaa, wanaotumia dawa za jamii hiyo wameonekana kupata nafuu ndogo zaidi kwa sumaku, na kuiacha ghafla nako ni hatari.

Bado hajaamua. Vidonge alivirudisha kwenye kopo. Jumatatu ana kliniki, na amesema atalibeba kopo lote, na ile nusu pia, amwonyeshe daktari.