Usiku Mama Alipomsuka Bafta

Jina lenyewe lilinionya nikapuuza. Angora ni jina la zamani la Ankara, mji wa Waturuki, na sungura hawa wameitwa kwa jina hilo. Sasa sisi Waswahili tunajua ankara ni kitu gani: ni ile karatasi ya maji au ya umeme inayokuja mwisho wa mwezi kuwaharibia watu chakula cha usiku. Nimefuga Angora miaka 9 hapa Ohio, Marekani. Miaka yote 9 nimelipa ankara.

Aliyeleta balaa ni binti yangu. Alikuwa na miaka 10, kajiunga na 4-H, ile klabu ya watoto wa huku wanaofundishwa kufuga, kushona na kusimama mbele za watu, akarudi na sungura mmoja kwenye boksi. Alipotimiza miaka 13 akapata simu. Sungura walikuwa wameshafika 14, na wote wakawa wangu, mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye chuda na samaki wa kukaanga, sijawahi kufuga hata kuku.

Ambaye hajamwona Angora wa aina ya Kiingereza asidhani ni sungura yule wa hadithi za bibi, mjanja wa kumlaghai simba. Huyu hana ujanja wowote. Ni furushi la pamba lenye roho. Manyoya yamejaa mpaka usoni, mpaka ncha za masikio, na akitulia hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Unaweka jani huku na jani huku, halafu unasubiri uone lipi litapungua. Ana kilo 3 hivi, na ukimpuliza unagundua sehemu kubwa ya mwili uliyokuwa unaiona ilikuwa hewa.

Mama alikuwa akipiga simu kila Ijumaa kuulizia hali zetu.

"Sungura wamefika wangapi?"

"14, mama."

"Na mmeshakula wangapi?"

"Hata mmoja."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Sasa mnawasubiria nini?"

Nikamweleza kwamba hawa si wa kuliwa, ni wa manyoya. Kila baada ya miezi mitatu hivi manyoya huachia, unamweka sungura mapajani unamnyonyoa taratibu kwa vidole, mke wangu anasokota uzi. Akaniuliza mke wangu amefuma nini mpaka sasa. Nikasema kofia moja. Ni kweli tulimpelekea mjomba wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, naye akasema kofia ina joto la kupikia maharage, ila kila akiivua anaonekana kama mtu aliyelala na paka.

Kilichomshinda mama kabisa ni mapapai. Sungura hujiramba kama paka, lakini tofauti na paka, hawezi kutapika. Manyoya anayoyameza yakikwama tumboni anaacha kula, na akiacha kula unaweza kumpoteza. Dawa kubwa ni majani makavu kwa wingi ili tumbo lisisimame, ila wafugaji wengi wa huku huongezea vidonge vya papai. Mama nilimwambia kwa bahati mbaya tu.

"Vidonge vya nini?"

"Vya papai."

"Unanunua?"

"Dola 12 kichupa."

Akamwita dada yangu aje asikilize. Nikawasikia wote wawili wanacheka, na nyuma yao, wallahi, nikasikia kitu kimeanguka uani puu, na sina shaka lilikuwa papai.

Katika miaka hiyo sikukosa vituko. Nilimpeleka Fatuma kwenye maonyesho katika kundi la majike, jaji akamgeuza tumbo juu, akatazama, akanitazama na mimi, akasema hongera, Fatuma ni baba. Mara nyingine nilitaka kumpuliza sungura. Angora wa maonyesho hachanwi ovyo, maana kitana kinakata manyoya. Anapulizwa kwa mashine ya upepo mara mbili tatu kwa wiki, manyoya yaachane na mba itoke. Mashine yangu ikafa. Jirani akanishauri nichukue ile ya kufyonza vumbi nyumbani, nichomeke bomba upande wa kutolea hewa. Ushauri mzuri tu. Mimi nikasahau kumwaga mfuko, na wiki ile mke wangu alikuwa amefyonza majivu ya jiko la mkaa. Sungura mweupe aliingia bafuni, akatoka wa kijivu. Kuna mtu alitaka kumnunua, akidhani ni rangi adimu.

Lakini hayo yote ni kionjo. Shughuli yenyewe ni Bafta.

Bafta alikuwa dume mweupe, macho mekundu, na ndiye sungura pekee niliyewahi kuwa naye ambaye wafugaji wengine walisimama kumtazama. Katika alama 100 anazogawa jaji, zaidi ya nusu ni za manyoya tu: yameshiba kiasi gani, ni laini kiasi gani, yana urefu gani. Bafta alizaliwa nazo mfukoni. Nikamlea miezi mitano kwa ajili ya maonyesho ya Mei. Joto likipanda namwekea chupa ya maji yaliyoganda ailalie. Watoto marufuku kumgusa. Mke wangu marufuku kufungua dirisha upande wake. Kila mtu nyumbani alikuwa na sheria zake kuhusu Bafta.

Isipokuwa mama, aliyekuwa ameshuka kwenye ndege siku mbili kabla, akiwa na kanga nne, ubuyu, dagaa ambao sijui aliwapitishaje, na chupa ya lita moja na nusu ya mafuta ya nazi aliyoyakamua na kuyapika mwenyewe.

Alipomwona Bafta alirudi nyuma hatua moja kwa yale macho. "Hili jini," akasema. Baadaye akamsogelea, akamtazama sana, akatikisa kichwa. Sikumuuliza anatikisia nini. Hapo ndipo nilipokosea.

Usiku wa kuamkia maonyesho nilimwingiza Bafta ndani, nikamweka sebuleni kwenye kizimba chake cha safari, nikalala mapema. Mama hakulala. Saa nane usiku ya Ohio ni saa tatu asubuhi ya Tanga, na mama saa tatu asubuhi hajawahi kukutwa kitandani tangu azaliwe. Alikuwa macho, nyumba imelala, hana wa kuongea naye, hana ua wa kufagia. Alikuwa na mikono miwili, mafuta ya nazi, na kiumbe mwenye nywele zilizotimka.

Saa kumi alfajiri nikaamka. Kizimba kimefunikwa shuka kama nilivyokiacha. Mama yuko tayari, amevaa, kanga yake imeandikwa *Wema hauozi*, na ana uso wa mtu anayejua jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Twende, mwanangu. Leo utafurahi."

Njiani, mwendo wa saa mbili, gari zima lilinukia nazi. Nikadhani amepaka kichwani. Nikakumbuka vitumbua, nikaanza kusikia njaa, na nikasema moyoni kwamba kumbe kuwa na mama garini ni raha.

Ukumbi ulikuwa umeshajaa: mameza, vizimba, mashine za upepo zinavuma kila kona, manyoya yanaelea kama theluji. Nikaweka kizimba juu ya meza, nikavuta shuka.

Twende kilioni. Ambao hamkulelewa na shangazi: ni ule msuko wa haraka, mistari michache imesimama kutoka utosini kwenda kisogoni, unaosukwa mtu akiwa na safari ya ghafla. Bafta alikuwa nayo mitatu, kuanzia shingoni mpaka mkiani, imenyooka kama imepigwa rula, miisho imefungwa uzi mweusi. Vishungi vya masikio vilisukwa peke yake, kimoja kimoja. Ngozi kati ya mistari iling'aa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona umbo lake, na niseme ukweli, alikuwa mwembamba kuliko alivyokuwa akitangaza.

Bibi mmoja Mmarekani wa meza ya jirani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemsuka." Akavuta kiti akakaa. "Jana nimemwona nywele kavu, hazina hata tone la mafuta. Ungempelekaje mtoto wa kike mbele za watu vile?"

"Mama, huyu ni dume."

Akafikiri kidogo.

"Ndiyo maana alikuwa anarusha mateke."

Nikaanza kufumua. Vidole vinatetemeka, uzi umekazwa na mwanamke aliyesuka vichwa vya mtaa mzima kwa miaka 40. Nilipomaliza nikakuta kazi haijaisha: manyoya yalikuwa yamekaa mawimbi. Mawimbi kamili, yenye mng'ao. Wanaokumbuka kalikiti ya miaka ya 1980 watanielewa. Bafta alikosa gitaa tu. Nikawasha mashine ya upepo, na upepo badala ya kuachanisha manyoya ukayagawa makundi makundi, kila kundi limeshikana kama utambi. Kumwosha haiwezekani. Angora haogeshwi: manyoya yakilowa na kusuguliwa yanashikamana kama jamvi, na sungura mwenyewe anaweza kupata mshtuko akafa mkononi. Bibi wa jirani akanong'ona habari za wanga wa mahindi, kisha akakumbuka kanuni, akanyamaza. Kuweka kitu kwenye manyoya ili kumdanganya jaji ni kosa la kutolewa, na mimi nilikuwa tayari nimeshaweka cha kutosha.

Mtu mwenye akili angemfunika sungura wake akaenda kunywa kahawa. Lakini mama alikuwa ameshahamia mstari wa mbele, ameshika mkoba mapajani, anatabasamu. Nikampeleka.

Jaji alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeupe. Jaji wa Angora ana tabia ya kuinama na kupuliza manyoya kwa mdomo, yafunguke kama ua, aone katikati pameonekana ngozi kiasi gani. Akampuliza wa kwanza, yakafunguka. Akampuliza wa pili, yakafunguka. Akafika kwa Bafta, akapuliza.

Hakuna kilichotikisika.

Akapuliza tena, safari hii kwa nguvu, mpaka masikio ya Bafta yakalala. Akasimama, akatazama mkono wake unaong'aa, akaunusa. Nikamwona uso wake umelainika, kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri cha utotoni.

"Hii ni nini?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Lililotoka ni, "Ni mama yangu."

Watu wote wakageuka. Mama akadhani anatambulishwa, akainuka kidogo, akapunga mkono.

Jaji akamtazama mama, akamtazama Bafta, akamgeukia karani aliyekuwa anaandika. Ametolewa, akasema. Karani akauliza aandike sababu gani. Jaji akafikiri muda mrefu kuliko alivyofikiria sungura yeyote siku ile. Ile kadi ninayo mpaka leo, imebanwa na sumaku kwenye friji. Imeandikwa: "Mafuta. Harufu nzuri."

Nikarudi mezani nimenywea. Nikaanza kumpunguza Bafta manyoya kwa mkasi palepale asije akayaramba yale mafuta yote, na miezi mitano ikawa inaanguka chini mashada mashada. Nilipoinua kichwa mama hayupo kwenye kiti.

Nikamkuta nje, chini ya mti, kakalia ndoo iliyogeuzwa. Kati ya magoti yake amekaa binti mmoja wa 4-H, wa miaka 12 hivi, na nyuma yake foleni. Kumbe watoto walimwona Bafta kabla sijamfumua. Mama hajui Kiingereza zaidi ya *yes* na *sit*, na alikuwa hahitaji zaidi. Mzazi mmoja alitoa dola 10 bila kuulizwa, na wa pili akaona hiyo ndiyo bei. Mpaka saa saba mchana uwanja mzima ulikuwa unatembelewa na twende kilioni: wanaokokota mbuzi wana twende kilioni, wanaobeba kuku wana twende kilioni, na yule bibi wa meza ya jirani alikuwa wa mwisho kwenye foleni, miwani ameshika mkononi.

Jioni tukarudi. Bafta amelala nyuma, kanyolewa, amekuwa kama panya wa ghala aliyepatwa na habari mbaya. Mama kavua viatu, anahesabu noti kwa kulowesha kidole.

"160," akasema. Akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Tukaenda maili kadhaa.

"Na huyo sungura wako, miaka yote hii, amekuingizia ngapi?"

Nikaongeza mwendo kidogo. Nikamwonyesha ghala jekundu, nikamwambia tazama mama, huku maghala wanayapaka rangi. Hakutazama. Alifungua pindo, akachomoa noti mbili, akaziweka juu ya dashibodi mbele yangu.

"Shika," akasema. "Kanunue papai lako."