Kete Nyeusi: Manung'uniko ya Raia wa Athens, 329 KK

Nyeusi tena! Jamani, naapa kwa Zeus, lile bomba la kura ya kuteua wazee wa baraza, wasikilizaji kesi wa mahakama, lina kisa na sisi. Mtu mzima, raia halali, umekula kiapo mbele ya miungu, umetoka nyumbani nyota bado ziko angani, halafu jua halijapanda sawasawa unarudishiwa kibao chako cha jina mkononi kama posa iliyokataliwa. Na usiniambie kesho ipo. Kesho sikukuu, mahakama hazifunguliwi. Keshokutwa mkutano wa raia wote mlimani Pnyx, hazifunguliwi.

Wanaotusifia kutoka mbali wanadhani demokrasia ni kunyoosha mkono tu. Waje wapange foleni na sisi.

Milango ya mahakama yenyewe ni 10, kila kabila na wake. Mtu wa Oineis akijipenyeza kwa jirani zake wa Kekropis anatolewa mbiombio. Ndani, kila kabila lina mashine mbili za kura ya bahati, jiwe zima lililochongwa vijitundu, na masanduku 10 yenye herufi za Kigiriki kuanzia alfa hadi kappa. Kibao chako kina jina lako, la baba yako, la mtaa wako, na herufi moja kati ya hizo. Unakitumbukiza kwenye sanduku la herufi yako. Mpaka hapo ni heshima tupu: unarekebisha joho, unakohoa kidogo, unasalimia kwa sauti nzito. Ukishatimiza miaka 30 wewe ni mzee wa baraza, hata ndevu zikigoma.

Mtumishi anatikisa masanduku. Ofisa anachomoa kibao kimoja kutoka kila sanduku, na mwenye kibao hicho ndiye mchomekaji wa siku: anachukua vibao vya herufi yake na kuvichomeka kwenye safu, kimoja chini ya kingine. Kwa nini naye apatikane kwa kura? Kwa sababu angekuwa yuleyule kila siku angekuwa na shemeji. Mchomekaji akishakuwa na shemeji, kesi zote zimekwisha kabla hazijaanza.

Basi, kila mashine ina safu 5. Sasa sikia ubaya wake. Kura haikuangalii wewe, inaangalia mstari wa kulala. Ubavuni kuna bomba, na humo zinamiminwa kete za shaba, nyeupe na nyeusi, zimechanganywa. Kete moja kwa watu 5. Wakitakiwa wazee 50 kutoka mashine hii, nyeupe zinawekwa 10. Zilizobaki ni zile za kukurudisha kwa mke wako. Kete ya kwanza ni ya mstari wa kwanza, ya pili wa pili, hivyohivyo hadi chini. Nyeupe, wote 5 wamepita. Nyeusi, wote 5 nje. Yaani riziki ya nyumba yangu imefungwa pamoja na wanaume wanne nisiowajua, na kosa letu la pamoja ni kuchomekwa usawa mmoja! Yule wa gamma ananuka vitunguu saumu tangu kule mlangoni, wa delta anaguna kila akivuta pumzi, na bado kete ikikaribia tunatazamana kwa mapenzi ya ghafla, "ndugu yangu, ndugu yangu." Tak! Nyeusi. Undugu ukaisha palepale.

Mstari wa juu yetu? Wamepita wote, akiwemo yule anayesinzia kabla saa ya maji ya kupimia hotuba haijafunguliwa.

Nao waliopita wasishangilie mapema. Mpiga mbiu akikuita unaingiza mkono kwenye mtungi, unatoa kitunda cha mwaloni chenye herufi, kuanzia lambda kwenda mbele. Hiyo ndiyo mahakama yako. Unakiinua juu ofisa akione kwanza, kabla hujapata wazo baya. Yeye anakitupa kibao chako kwenye kisanduku cha mahakama hiyo, nacho kinatangulia. Wewe unapewa fimbo ya rangi, na rangi hiyohiyo imepakwa juu ya mlango unaotakiwa kuingia. Ukijifanya umepotea njia, ukajikuta kwa bahati kwenye kesi ya rafiki yako, fimbo inakuchongea. Na malipo utayadai wapi, wakati kibao chako kiko kwingine?

Yote hii ni kwa ajili ya watu wa aina ya Anytos, yule jemadari ambaye inasemwa ndiye aliyefungua njia ya kuhonga mahakama aliposhitakiwa kwa kuipoteza Pylos. Sasa tajiri amhonge nani? Asubuhi hakuna anayejua nani atasikiliza kesi gani, hata msikilizaji mwenyewe. Akitaka uhakika itabidi ahonge wazee wote 6,000 walioapishwa mwaka huu, mimi nikiwemo. Na hapo ndipo panaponiuma zaidi: hahongi!

Oboli 3, nusu drakma, ndiyo posho ya siku. Yule mwanasiasa Kleon alipandisha zikafika 3, tena ni karibu miaka 100 sasa, na hazijasogea. Mkutano wa Pnyx unalipa drakma nzima, ile mikutano mikuu oboli 9, lakini mikutano yenyewe ni 40 tu kwa mwaka. Kibarua asiye na ufundi kule Eleusis, wanakojenga hekaluni, anachukua drakma moja na nusu kwa siku, yaani oboli 9, na hakuna anayemtikisia sanduku. Watumwa wa umma hukohuko Eleusis wanapewa oboli 3 kila siku. Za chakula! Mimi mwenye mamlaka juu ya majemadari na mawaziri wa fedha, posho yangu ni chakula cha mtumwa, na leo hata hiyo sikuipata. Watoto nyumbani watakula nini, uhuru wa kusema? Na nani nimshitaki? Mchomekaji katoka kwa kura, ofisa kapatikana kwa kura, bomba halina masikio. Zamani angalau mtu ulikuwa na mfalme wa kumlaani.

Halafu eti uraia huu ni fahari. Kuupata tu ni kazi: tangu sheria ya Perikles, baba lazima awe Mwathens na mama lazima awe Mwathens. Mama mwenyewe hapigi kura, lakini bila yeye na wewe hupigi. Ukifika miaka 18 watu wa mtaa wanakupigia kura kwa kiapo; wakisema hukuzaliwa huru, ukakata rufaa, ukashindwa, mji unakuuza. Na mtaa wako si unapoishi, ni alipoandikishwa babu wa babu enzi za Kleisthenes, aliyetugawa kwa mitaa. Kuna mtu kazaliwa bandarini Piraeus, kazeekea Piraeus, ni wa Marathon.

Aristotle, yule Mstagira wa shule ya Lykeion, mgeni asiye na kibao wala kura, anawafundisha vijana kwamba kuchagua viongozi kwa kuwapigia kura za majina ni mambo ya wakubwa wachache, demokrasia ni bahati nasibu. Sawa, mwalimu. Hujawahi kuona nyeusi.

Sikatai, bahati hiyohiyo inaweza kukufanya mwenyekiti wa wajumbe wa zamu wa Baraza la watu 500, usiku mmoja na mchana mmoja, ukashika muhuri wa mji na funguo za mahekalu yenye hazina. Hakuna kurudia. Kesho yake unarudi kushona viatu.

Na hawa dagaa wa pwani ya Phaleron, mbona siku hizi wanauzwa vichwa tu? Wakaguzi wa soko wapo, 5 mjini na 5 Piraeus, wote wa kura. Wa mwaka huu ni mfinyanzi, ukimpelekea samaki aliyeoza anakagua chungu. Wa mwaka jana alikuwa muuza samaki. Huyo ndiye aliyetukomesha.